Hundi mbili za Green Bay: tajiri mmoja, kiti cha jaji na swali la takrima

Jumapili jioni, tarehe 30 Machi 2025, Elon Musk alipanda jukwaani mjini Green Bay, katika jimbo la Wisconsin, akiwa amevaa kofia ya sponji ya njano yenye umbo la kipande cha jibini. Wisconsin ni nchi ya ng'ombe wa maziwa, na kofia ile ndiyo wanayovaa mashabiki wa timu yao ya mpira wa Kimarekani, Packers. Aliivua, akaitia saini, akawarushia watu waliojaa ukumbini. Kisha zikatolewa hundi mbili kubwa za kuonyeshwa kamera, kila moja ya dola milioni 1, wakakabidhiwa watu wawili.

Siku mbili baadaye wananchi wa jimbo hilo walikwenda vituoni kupiga kura. Hawakuwa wakichagua rais, gavana wala mbunge. Walikuwa wakichagua jaji mmoja.

Nimekifuatilia kisa hiki tangu siku hiyo kwa sababu mbili. Kwanza, ni nadra mkono wa tajiri mkubwa kuonekana waziwazi kiasi hiki, na tarakimu zake zote kuwa mezani. Pili, sisi tuliokulia kwenye kampeni za kanga, kofia, fulana na sahani za pilau tunalijua swali lililoulizwa Wisconsin wiki ile: hii ni zawadi, au ni hongo ya kura? Tunalijua kuliko Wamarekani wenyewe.

Kiti kilichokuwa kinagombewa

Mahakama ya Juu ya Wisconsin ina majaji 7, na kila mmoja huchaguliwa na wananchi kwa kipindi cha miaka 10. Msomaji wa Tanzania au Kenya, aliyezoea jaji kuteuliwa na kuapishwa Ikulu, itabidi atulie kidogo hapa. Kule mgombea ujaji huzunguka wilaya kwa wilaya, hushikana mikono na watu, huchangisha fedha, hutoa matangazo ya televisheni ya kumchafua mwenzake. Karatasi ya kura haina jina la chama, lakini hakuna asiyejua nani anaungwa mkono na Democratic na nani na Republican.

Jaji Ann Walsh Bradley, aliyekuwa benchi tangu 1995, alikuwa ametangaza kwamba anastaafu. Wakati huo majaji wa mrengo wa kiliberali walikuwa 4 na wahafidhina 3, kwa hiyo kiti chake ndicho kingeamua mahakama iegemee wapi. Na mahakama hiyo ilikuwa na mizigo mizito inayoisubiri: sheria ya mwaka 1849 iliyokuwa ikidaiwa kuharamisha utoaji mimba, sheria ya 2011 iliyowanyima wafanyakazi wengi wa umma uwezo wa kujadili masilahi yao kupitia vyama vyao, na uwezekano wa kesi juu ya mipaka ya majimbo ya uchaguzi wa Bunge la Marekani. Wisconsin ina viti 8 katika Baraza la Wawakilishi. Wakati huo Republican walikuwa wanashika 6, ingawa kura za urais katika jimbo hilo hugawanyika karibu nusu kwa nusu.

Wagombea walikuwa wawili. Susan Crawford, jaji wa wilaya ya Dane, ambako ndiko uliko mji mkuu Madison, aliungwa mkono na Democratic. Brad Schimel, jaji wa wilaya ya Waukesha aliyewahi kuwa Mwanasheria Mkuu wa jimbo, alikuwa chaguo la Republican na la Rais Donald Trump.

Sasa, mwanahisa mkubwa wa kampuni ya magari na ya roketi, mwenye makao Texas, alikuwa na nini na kiti hicho?

Mwenyewe alisema waziwazi: mipaka. Alihofia kwamba mahakama yenye waliberali wengi ingechora upya majimbo ya uchaguzi, Republican wakapoteza viti, na wingi wao mwembamba Washington ukaporomoka. Alifika mahali pa kusema kwamba uchaguzi huo mdogo ungeweza kugusa hatima ya ustaarabu mzima.

Lakini kuna jambo jingine lililokuwa kwenye rejista ya mahakama. Wisconsin ina sheria inayomzuia mtengenezaji wa magari kumuuzia mteja moja kwa moja, ni lazima apitie kwa wauzaji wenye leseni. Tesla, kampuni ya magari ya Musk, huuza magari yake yenyewe. Mwezi Januari 2025 kampuni hiyo ilifungua kesi katika mahakama za Wisconsin kupinga kunyimwa ruhusa ya kufungua maduka. Kesi ya namna hiyo ikipanda ngazi, mwisho wake ni mbele ya majaji walewale 7.

Sisemi kwamba fedha zilitoka kwa ajili ya kesi ile. Moyo wa mtu ni msitu, na sijaingia. Ninachosema ni kwamba hakuna mahakama inayopaswa kumlazimisha raia ajiulize swali hilo. Mtu mwenye shauri mahakamani, au mwenye shauri lililo njiani kufika, hapaswi kuwa mfadhili mkubwa wa kumpandisha jaji.

Wamarekani walikwisha kufundishwa somo hili. Mwaka 2002 kampuni ya makaa ya mawe ya Massey, huko West Virginia, iliamriwa na baraza la wazee wa mahakama kulipa dola milioni 50. Kabla rufaa haijasikilizwa, mkuu wa kampuni hiyo, Don Blankenship, alitumia takriban dola milioni 3 kusaidia kumchagua mwanasheria Brent Benjamin kuwa jaji wa mahakama ya juu ya jimbo. Benjamin alishinda mwaka 2004. Rufaa ilipofika, alikataa kujitoa, na kampuni ikashinda kwa tofauti ya kura moja, 3 kwa 2. Mwaka 2009 Mahakama ya Juu ya Marekani iliamua kwamba alipaswa kujitoa, kwa sababu hatari ya upendeleo ilikuwa kubwa mno. Hata hukumu hiyo ilipita kwa kura 5 dhidi ya 4. Majaji wanne hawakuona kwamba katiba ilivunjwa.

Bomba la fedha

Wengi husema tajiri "alinunua matangazo", wakaishia hapo. Nataka nikae hapa kidogo, kwa sababu ujanja wote umo kwenye mabomba.

Sheria ya Wisconsin inaweka kikomo kwa mtu anayemchangia mgombea wa Mahakama ya Juu mkononi: dola 20,000, basi. Ukisoma kifungu hicho peke yake utaona nchi yenye adabu. Lakini mwaka 2015 bunge la jimbo, likiwa chini ya Republican, liliandika upya sheria ya fedha za kampeni. Tangu hapo mtu binafsi anaweza kukichangia chama cha siasa kiasi chochote, na chama kinaweza kumpa mgombea kiasi chochote. Kwa hiyo mlango wa mbele una kufuli, dirisha liko wazi, na kila mwenye fedha analijua dirisha. Musk alipitishia hapo dola milioni 3 kwa chama cha Republican cha jimbo.

Bomba la pili ni kubwa zaidi, na mtaro wake ulichimbwa Washington. Tarehe 21 Januari 2010, Mahakama ya Juu ya Marekani, kwa kura 5 kwa 4, iliamua katika kesi ya Citizens United kwamba serikali haiwezi kuweka kikomo kwa fedha ambazo kampuni au chama cha wafanyakazi kinatumia kufanya kampeni kivyake, mradi hakishirikiani na mgombea. Mwezi Machi mwaka huohuo mahakama ya rufaa ikaongeza kwamba kamati zinazofanya kampeni kivyake ziruhusiwe kupokea michango isiyo na kikomo. Ndipo zikazaliwa kamati zile ambazo tajiri mmoja anaweza kuzijaza mwenyewe, bila mwenzake. Musk anayo moja, America PAC. Katika uchaguzi wa rais wa 2024 alitumia zaidi ya dola milioni 250 kumsaidia Trump na wagombea wa Republican, na sehemu kubwa ilipita humo. Wisconsin, kamati hiyo iliajiri watu wa kugonga mlango kwa mlango, ikatuma vipeperushi. Kundi jingine lenye uhusiano naye likajaza matangazo ya televisheni.

Jumla, yeye na makundi yake walitumia zaidi ya dola milioni 20. Gharama zote za pande zote zilikaribia dola milioni 100. Haijawahi kutokea Marekani uchaguzi wa jaji uliogharimu hivyo. Rekodi iliyokuwepo iliwekwa Wisconsin hiyohiyo, mwaka 2023, ilipozidi kidogo milioni 50. Bei imepanda karibu mara mbili kwa miaka miwili.

Na upande wa pili? Lazima tuseme ukweli wote. Bilionea George Soros alikipa chama cha Democratic cha jimbo dola milioni 2. JB Pritzker, gavana wa Illinois na bilionea kwa kuzaliwa, alitoa milioni 1.5. Fedha zilipita kwenye dirisha lilelile la 2015, zikamfikia Crawford. Familia ya Uihlein, yenye utajiri wa kampuni ya vifungashio ya Uline, ilikuwa upande wa Schimel. Mwananchi wa Sheboygan au Eau Claire aliyekuwa akiangalia televisheni mwezi ule wa tatu alikuwa akiangalia mabilionea wakirushiana maneno sebuleni kwake.

Musk aliongoza orodha ya matajiri wa dunia ya jarida la Forbes mwaka huo, mali yake ikikadiriwa dola bilioni 342. Chukua zile milioni 20 uzigawe kwa hesabu hiyo. Mtu mwenye mali ya shilingi milioni 10, tuseme kiwanja chake na pikipiki yake, akitoa sehemu ileile ya mali yake atatoa kama shilingi 585. Hiyo haifiki nauli ya daladala ya safari moja Dar es Salaam.

Ndiyo maana nakataa kuziita fedha hizo "mchango". Mchango tunaujua. Mchango wa harusi au wa msiba unauma kidogo, ndiyo maana una heshima. Mwalimu wa shule ya msingi aliyempa mgombea wake dola 50 alipunguza kitu nyumbani. Huyu hakupunguza kitu, na sauti yake ilisikika jimbo zima.

Dola moja na dola milioni

Sheria ya uchaguzi ya Wisconsin inasema ni kosa kumpa mtu, au kumwahidi, kitu chochote chenye thamani ya zaidi ya dola 1 ili aende kupiga kura au asiende. Dola moja. Waliotunga sheria hiyo walijua wanachokiogopa.

Mwezi Machi America PAC ilitangaza kwamba mpigakura yeyote wa Wisconsin atakayetia saini tamko la kuwapinga "majaji wanaharakati" atalipwa dola 100, na dola 100 nyingine kwa kila mtu atakayemleta. Mtu mmoja wa Green Bay akapewa dola milioni 1 kwa kutia saini. Kisha tarehe 28 Machi Musk aliandika kwenye mtandao wake wa X kwamba atakuja Wisconsin kuzungumza, na atatoa hundi mbili za milioni moja moja kwa watu waliokwisha kupiga kura, kama shukrani kwa kuchukua muda wao kwenda kupiga kura.

Isome tena sentensi hiyo. Nadhani wanasheria wake nao waliisoma tena, kwa sababu ilifutwa. Baada yake likaja tangazo jipya: hundi zitakwenda kwa watu watakaokuwa wasemaji wa lile tamko, na atakayeingia ukumbini ni aliyelitia saini. Fedha zilikuwa zilezile, mji uleule na siku ileile. Kilichobadilika ni jina la kitu kinacholipiwa.

Mwanasheria Mkuu wa jimbo, Josh Kaul, ambaye ni wa Democratic na ndiye aliyemshinda Schimel katika uchaguzi wa nafasi hiyo mwaka 2018, alikimbilia mahakamani kuomba zuio. Mahakama ya chini haikulisikiliza. Mahakama ya rufaa ikakataa Jumamosi. Jumapili, muda mfupi kabla ya mkutano kuanza, Mahakama ya Juu ya jimbo, majaji wote wakiwa na kauli moja, nayo ikakataa kulisikiliza shauri hilo. Hundi zikatolewa.

Mawakili wa Musk walitoa hoja ambayo si ya kipuuzi: kulipia saini ni uhuru wa kujieleza, na saini si kura. Mahakama ilikuwa imemwacha pia huko Pennsylvania mwaka 2024, alipokuwa akitoa dola milioni 1 kila siku kwa waliotia saini tamko jingine. Mwendesha mashtaka wa Philadelphia alimpeleka mahakamani akisema ni bahati nasibu haramu. Ndipo upande wa Musk ukakiri mbele ya jaji kwamba washindi hawakuokotwa kwa bahati, walikuwa wamechaguliwa mapema. Jaji akakataa kuzuia. Maelfu ya watu waliokuwa wametia saini wakidhani nao wamo kwenye droo hawakuwa na nafasi tangu mwanzo.

Haya tuliyajadili Dar es Salaam

Mwaka 2000 Bunge la Tanzania lilifanya marekebisho kwenye Sheria ya Uchaguzi, yakaingiza kitu ambacho watu walikiita takrima. Kifungu kilisema kwamba jambo lililofanywa kwa nia njema kama ukarimu wa kawaida au wa kijadi halitahesabiwa kuwa rushwa. Mgeni akifika hupewa chai, nani atakataa? Mkono mtupu haulambwi, wazee wamesema. Lakini kila aliyekuwepo kwenye uchaguzi wa 2000 na wa 2005 anakumbuka ukarimu ule ulivyokuwa. Aliyekuwa na fedha alikuwa mkarimu sana kila baada ya miaka mitano. Asiye nazo, hata angekuwa na akili na moyo wa kutumikia, alionekana mchoyo.

Kituo cha Sheria na Haki za Binadamu na asasi nyingine mbili, LEAT na NOLA, wakaenda Mahakama Kuu mwaka 2005. Aprili 2006 majaji waliamua kwamba vifungu vya takrima vinakwenda kinyume cha Katiba. Msingi wa hukumu ndio ninaoutaka hapa. Mahakama haikupoteza muda kuuliza kama kanga ni zawadi au ni malipo. Iliuliza: je, sheria hii inawaweka sawa wagombea wote na wapigakura wote? Ikaona kwamba inambagua asiye na kitu, kinyume cha usawa mbele ya sheria ulio kwenye ibara ya 13 na haki ya kushiriki katika utawala iliyo kwenye ibara ya 21. Vifungu vikafutwa.

Weka hukumu hiyo kando ya sababu za Citizens United. Washington walianza na uhuru wa mwenye kusema: fedha ni njia ya kusema, na serikali isimzibe mtu mdomo. Dar es Salaam walianza na usawa wa wanaoshindana. Kisha miaka ikaleta mfanano ambao sijauona ukisemwa mara nyingi. Machi 2010, mwezi uleule mahakama ya rufaa ya Washington ilipofungulia kamati za kampeni michango isiyo na kikomo, Rais Jakaya Kikwete alitia saini Sheria ya Gharama za Uchaguzi, iliyoweka utaratibu wa kuweka ukomo kwa fedha za mgombea na za chama. Nchi mbili, mwezi mmoja, moja ikibomoa ukuta na nyingine ikijenga.

Sitadai kwamba ukuta wetu unazuia maji. Bahasha zinapita, hasa kwenye kura za maoni ndani ya vyama, na TAKUKURU, taasisi yetu ya kupambana na rushwa, wana kazi isiyokwisha. Kenya nayo ilitunga sheria ya fedha za kampeni mwaka 2013, kisha Bunge likaahirisha utekelezaji wake kabla ya uchaguzi wa 2017 hata kuanza. Hata hivyo kujua jina la ugonjwa ni jambo kubwa. Angekuja mtu Kigoma na hundi ya mamilioni, akasema si ya kura bali ni ya saini, hakuna bibi sokoni ambaye angehitaji wakili wa kumweleza kinachoendelea.

Alishindwa, je?

Aprili 1, 2025, Crawford alishinda kwa takriban asilimia 55 dhidi ya 45. Watu zaidi ya milioni 2.3 walipiga kura, idadi ambayo uchaguzi wa jaji kule haukuwahi kuiona. Ule wa 2023, wenye msisimko wake, ulipata kama milioni 1.8. Hata wilaya ya Brown, ambayo mji wake mkubwa ni Green Bay palepale hundi zilipotolewa, na ambayo Trump aliishinda miezi mitano kabla, ilimpa Crawford ushindi. Usiku ule mwenyewe alisema kwamba alipokuwa binti mdogo Chippewa Falls hakuwahi kufikiri siku moja angepambana na tajiri kuliko wote duniani kwa ajili ya haki.

Niliposoma matokeo nilifurahi, sifichi. Kuna heshima kubwa katika watu wanaochukua dola 100 za mtu, kama wapo waliozichukua, kisha wakaingia kwenye kibanda cha kura na kufanya wanachoona ni sawa. Wazee wetu waliuita huo "kula kwao, kura kwetu", na uliokoa majimbo mengi.

Kilichotokea siku zilizofuata ndicho kilichonisumbua. Magazeti na wachambuzi wakaandika kwamba imethibitika: fedha hazinunui uchaguzi. Nakataa kusoma kisa hiki hivyo.

Tazama kwanza kampeni yenyewe ilikuwa juu ya nini. Chama cha Democratic kilifanya mikutano kikaiita "Wananchi dhidi ya Musk". Ilikuwa mbinu nzuri na ilifanya kazi. Lakini mtu ambaye jina lake halikuwa kwenye karatasi ya kura ndiye aliyekuwa mada ya uchaguzi. Schimel na Crawford wote wawili walikuwa na miaka ya hukumu na kazi ya uendesha mashtaka ambayo raia angeweza kuipima. Ilipotea kwenye kelele. Tajiri alishindwa kumweka jaji wake, lakini aliamua watu wazungumze nini kwa wiki kadhaa.

Pili, tazama ushindi ulilipiwa na nani. Ili kumzuia bilionea mmoja ilibidi waitwe mabilionea wengine, pamoja na maelfu ya wachangiaji wadogo nchi nzima. Kesho Soros au Pritzker au kampuni yenye mkono wake ikifika mbele ya mahakama ile, swali nililouliza juu ya Tesla litaulizwa upya, na litakuwa halali vilevile. Na wakili hodari wa mji mdogo, mwadilifu, anayetamani kuitumikia mahakama hiyo, anaangalia milioni 100 anaamua kubaki na ofisi yake. Huyo hahesabiwi popote. Hakushindwa uchaguzi, hakugombea tu. Katika kisa chote hiki yeye ndiye ninayemfikiria zaidi.

Tatu, msikilize Musk mwenyewe. Baada ya matokeo aliandika kwamba alitarajia kushindwa, lakini kuna faida katika kupoteza kete moja ili kujiweka vizuri ubaoni. Mtu anaweza kusema huko ni kujifariji. Lakini siku hiyohiyo wapigakura wa Wisconsin walipitisha badiliko la katiba linalolazimisha kitambulisho chenye picha kituoni, na yeye alilitaja kuwa ndilo lililokuwa muhimu kuliko yote. Na kwa mtu ambaye kete yake ni nauli ya daladala, maneno hayo si ya kupuuzwa. Anaweza kucheza tena mwakani, na mwaka unaofuata. Wewe ukishindwa mara moja umefilisika.

Wakati huohuo, Washington

Haifai kukifunga kisa hiki ndani ya mipaka ya Wisconsin, kwa sababu wiki zilezile mtu huyohuyo alikuwa na ofisi Ikulu ya Marekani. Tangu Januari 20, 2025 alikuwa sura ya idara mpya ya kubana matumizi iliyoitwa DOGE. Hakuna aliyempigia kura, na Seneti haikumthibitisha. Mapema Februari alijisifu mtandaoni kwamba mwisho wa wiki ulipita wakiliingiza shirika la misaada la USAID kwenye mashine ya kusaga magogo. Tarehe 10 Machi, Waziri wa Mambo ya Nje Marco Rubio alitangaza kwamba asilimia 83 ya miradi ya shirika hilo imefutwa. Tarehe 1 Julai likafungwa rasmi.

Hapa kisa kinatugusa mwilini. Kutoka Kisumu hadi Mbeya hadi Kampala walikuwepo wauguzi, madereva wa dawa na washauri nasaha wa watu wanaoishi na virusi vya UKIMWI ambao mikataba yao ilisimama ghafla. Serikali zetu zina lawama yake kwa kuegemea mkono wa mwingine miaka yote hiyo, na hilo lina makala yake. Lakini mama aliyefika kliniki akakuta mlango umefungwa hakuwa na njia hata moja ya kumfikia aliyeufunga. Mpigakura wa Green Bay alikuwa nayo. Alikuwa na karatasi ya kura na alama ya kuweka, na mamia ya maelfu waliitumia, wengi wakisema wazi kwamba wanamjibu Musk kwa yale aliyoyafanya Washington, kwa kuwa yeye mwenyewe hagombei popote.

Mwishoni mwa Mei aliondoka serikalini. Siku chache kabla, akizungumza na mkutano wa uchumi uliofanyika Qatar, alisema atapunguza sana matumizi yake ya kisiasa. Julai akatangaza kwamba ataanzisha chama chake. Crawford aliapa kushika kiti mwezi Agosti, kipindi chake kikiwa cha miaka 10.

Na lile shauri la Kaul? Majaji walikataa kulisikiliza kabla ya uchaguzi, kwa hiyo hawakutamka kama hundi ile ilivunja kile kifungu cha dola 1 au haikuvunja. Tajiri wa kesho akitaka kufika Wisconsin na hundi yake, hatakuta hukumu ya Jumapili ile inayomwambia asifanye.